Programu ya Chanjo Iliyokataa Kuhama

Mama mdogo alikuwa muuguzi wa chanjo katika zahanati ndogo ya mtaa wa Jabe, na ndiye mtu wa kwanza kuniamini kazini. Nilimwandikia programu iliyomwonyesha watoto waliofikia siku ya sindano kila Jumanne. Sehemu ya kuchora kalenda na kuchapisha kadi sikuiandika mwenyewe. Nilichukua maktaba, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na watu nisiowajua, nikaitumia huku na huko ndani ya programu nzima. Sikujiuliza kama inaweza kufanya kazi nje ya Windows.

Jumatatu moja kompyuta ya zahanati ikakata roho. Ilikuwepo nyingine ya msaada, yenye mfumo wa Linux badala ya Windows. Nikahamisha mafaili kutoka kwenye nakala niliyokuwa nayo, nikabofya. Kimya. Maktaba ile haikuijua mashine ya namna hiyo, na walioiandika walikuwa wameshaitelekeza.

"Mama mdogo, haifunguki," nilisema, machozi yakinilengalenga.

"Majina ya batoto yamepotea?"

"Hapana, yapo. Ni programu tu."

"Basi unalia nini? We soma, mi naandika."

Bahati nzuri majina niliyahifadhi kama maandishi ya kawaida, yanayofunguka kwenye kompyuta yoyote. Nikasoma mstari kwa mstari, naye akaandika kwenye daftari, akinisimamisha kila mara. "Uyu anakojoleaka kila mutu." "Uyu mama yake anaogopa sindano kumupita mutoto." Nilikuwa nimeishi na orodha ile miezi mingi bila kujua kwamba yeye ana habari za kila mmoja wao. Kesho yake hakuna mtoto aliyerudishwa nyumbani bila sindano.

Kuandika programu upya kulinichukua wiki tatu. Kila kilichogusa maktaba ya nje nilikikusanya ndani ya faili moja; sehemu nyingine zote zikawa zinaongea na faili hilo tu. Maktaba mpya niliijaribu kwanza kwenye Windows na kwenye Linux, mezani kwake, yeye akinimiminia chai.

"Na hii nayo ikikufa?"

"Nitabadilisha faili moja."

"Moja tu?"

"Moja."

Alinitazama kama alivyozoea kuwatazama akina mama wanaoapa kwamba mtoto hana homa.

Mwaka jana zahanati ilihamia kwenye tableti. Nilimaliza kuihamisha programu ndani ya alasiri moja, nikampigia simu nyumbani kwake Kinanira, anakopumzika sasa baada ya kustaafu.

"Faili ngapi?" akauliza.

"Moja."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nije haraka, ndagala, dagaa zetu za ziwani, ziko mezani.