Seva Tatu za Elkana Maranga

Elkana Maranga ni fundi wa kompyuta wa kliniki zetu mbili, moja Migori na nyingine Homa Bay, na kwa wiki tatu nzima nilitamani kumnyonga. Mimi ni Roselyn wa mapokezi, Migori. Mfumo ukikwama, si yeye anayetazamana na akina mama wenye watoto wanaolia. Ni mimi.

Kwao ni Macalder. Likizo zote za shule alikuwa mtoni akichekecha matope ya dhahabu, na ndiko karo yake ya chuo ilikotoka. Daktari Onsongo, mwenye kliniki, alipokataa kukodi kompyuta za watu wa mbali asizoweza kuziona kwa macho, Elkana alimwahidi kumjengea mfumo juu ya seva tatu zake mwenyewe, chuma cha kushikika, chumba cha nyuma hapa Migori, za kuhudumia kliniki zote mbili. Alitueleza akirusharusha mikono kwa furaha. Kila programu angeifungia ndani ya kontena lake, pamoja na vyote inavyohitaji, kama msichana anayekwenda bweni Asumbi na sanduku lake. Seva moja ikizima, makontena yake yanahamia nyingine. Na mbele ya zote tatu aliweka programu ya kugawa kazi, ya kuamua kila ombi liende kwa seva ipi.

Seva alizipa majina ya boma la Kijaluo: Mikayi, mke wa kwanza, Nyachira, wa pili, Reru, wa tatu. Tulicheka sana. Alikuwa hata akiziwasha kwa mpangilio huo, na ole wako uguse Reru kabla ya Mikayi.

Basi kila Jumatano, siku ya chanjo, ikifika saa nne asubuhi kila kitu kinakwama. Mikayi inazima kwanza, kisha Nyachira, kisha Reru. Jumatano ya tatu Daktari hakupaza hata sauti, na hilo lilitutisha zaidi. Alisema mfumo ukikwama tena wiki ijayo tunarudi kwa madaftari, seva zinauzwa, na fundi anatafuta kazi kwingine. Elkana hakuwa na kwingine ila kurudi matopeni Macalder. Niliona hata chai imemshinda kunywa, na hasira zangu zikapungua. Kidogo tu.

Jumatatu asubuhi Milka, mama anayetusafishia, alikuwa akipanguza seva kwa kitambaa kikavu. Akatuita. Aliigusa Mikayi, akauondoa mkono haraka. Kisha akaishika Reru, akauacha mkono palepale.

“Elkana, huyu Reru ako baridi kabisa. Kwani hapa anafanya kazi gani?”

Elkana akamweleza taratibu, kama mtu anayefundisha darasa la kwanza, kwamba kazi yote amepanga ianze kwa Mikayi. Ikijaa pomoni ndipo ziada iende kwa Nyachira, na Reru ipate kitakachobaki. Nikamuuliza ni kitabu gani kilichomfundisha hivyo. Akakiri ukweli. Hakikuwa kitabu. Mama yake mzazi ni mikayi, na kwao hakuna nyumba inayotia mbegu ardhini kabla ya nyumba yake. Alipofika kwenye mpangilio wa seva, vidole viliandika vyenyewe.

Milka naye aliolewa wa tatu, na jambo hilo lilimgusa pabaya.

“Sikiza, wuod mikayi,” akamwambia, yaani mtoto wa mke mkubwa. “Mikayi wetu anaanza kupanda, hiyo ni sawa. Lakini hajawahi kunilimia shamba. Langu nimelima mwenyewe kutoka siku nilioleka.”

Elkana alimtazama, akazitazama seva, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Kumbe Mikayi ilikuwa ikizidiwa na kuzima, mzigo wake wote ukaiangukia Nyachira, kisha Reru. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameubadilisha mpangilio: ombi la kwanza kwa Mikayi, la pili kwa Nyachira, la tatu kwa Reru, kisha zinarudia kwa zamu. Saa kumi Milka alizipapasa zote, akasema ziko vuguvugu sawasawa.

Jumatano saa nne, foleni imefika getini, Daktari alipita mbele yangu bila salamu, akaelekea chumba cha nyuma. Nikaliacha dirisha langu, nikamfuata. Aliinama, akachomoa waya wa umeme wa Mikayi. Elkana alishika ukuta. Nikampigia simu Liz, mwenzangu wa mapokezi wa Homa Bay, kumuuliza kama mfumo unaenda. Aliniuliza kwa ukali kwa nini namsumbua na anaandikisha watoto sabini kwenye kompyuta, akakata.

Daktari alisimama pale, waya mkononi.

“Na kama ningechomoa ile nyingine?”

“Ungechomoa yoyote, Daktari,” Elkana akasema. “Hapa hakuna mkubwa tena.”

Daktari akaurudisha waya mahali pake, kisha akaniagiza nipeleke stoo madaftari aliyokuwa ameyaweka tayari. Niliyabeba mwenyewe, yote, safari mbili, nikiimba.