Nilimsingizia Dada Zaituni wa Handeni, kumbe kosa lilikuwa kwenye session yangu

Wakuu, habari za saa hizi. Wakubwa zangu humu, shikamooni.

Jana nimeona mdau anauliza namna ya kubeba data kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine kwenye web application ya Java. Akajibiwa fasta, "weka kwenye session, kazi imeisha."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, maana jibu hilo hilo nililitoa mimi miaka ile, na lilimfukuzisha mtu kazi.

Majina nimebadilisha. Mengine nayaweka kama yalivyokuwa, hadi yale yanayonitia aibu. Ningetaka kujipamba ningekaa kimya tu.

Ilikuwa wakati soko huria limekolea. Waliopunguzwa serikalini wanafungua ofisi zao, Korogwe internet cafe zimeanza, na mimi nimetoka chuo na Java kichwani, najiona mtu peke yake anayejua kompyuta kuanzia Mombo hadi Segera.

Kulikuwa na daktari wa mifugo, tumwite Dokta. Naye alipunguzwa, akafungua ofisi Handeni. Chanjo, dawa za kuogeshea, na vyeti. Mfugaji akitaka kupitisha ng'ombe Segera kwenye kizuizi, lazima awe na cheti kinachosema mifugo ni ya nani, ni wanyama gani, wangapi, wamechanjwa nini, wanakwenda wapi.

Dokta akanipa kazi ya kutengeneza system ya hivyo vyeti. Nilifurahi, sikulala vizuri wiki nzima.

Fomu yangu ilikuwa na kurasa nne. Mwenye mifugo, mifugo yenyewe, chanjo, safari. Mwisho kuna kitufe cha Chapa.

Kwa wasio wa fani: web haina kumbukumbu. Kila ukibonyeza Endelea, server inakuona mgeni. Kwa hiyo lazima uweke mahali majibu ya ukurasa wa kwanza yakusubiri hadi ufike wa nne. Framework niliyotumia ilikuwa inakupa session, yaani kapu moja ambalo server inamwekea kila mtu aliyefungua browser. Mimi nikatupia kila kitu humo kwa jina moja tu, "fomu".

Na cheti kilikuwa kinachapwa kutoka kwenye kapu, si kutoka kwenye kile unachokiona kwenye kioo. Shikeni hapo.

Karani alikuwa Dada Zaituni, binti wa Kizigua kutoka Kwedizinga. Kozi ya kompyuta alisoma Korogwe. Alikuwa anachapa bila kuangalia vidole, na wateja anawajua kwa majina, wa Kizigua na wa Kimasai. Mtu akiingia anasalimiwa yeye, mke wake, watoto wake na mifugo yake ndipo aulizwe shida. Mimi nilikuwa naona anachelewesha kazi.

Miezi ya mwanzo system ilikwenda vizuri, sifa zote nikabeba mimi.

Kikaja kiangazi kibaya. Mama mmoja mjane wa Kimasai, nimwite Mama Naserian, akaamua kuhamishia ng'ombe wake kwa kaka yake kulikobaki majani. Akaja ofisini, akahudumiwa, cheti kikatoka, lori likaondoka.

Segera likazuiwa.

Cheti kilisema mbuzi kumi na wanne. Jina la mwenye mali ni la mzee mwingine kabisa. Kilichokuwa sahihi ni safari tu. Wakaguzi walifanya kazi yao, wewe ungewaachia watu wenye lori la ng'ombe na karatasi ya mbuzi?

Ng'ombe wakakaa juani ndani ya lori tangu asubuhi mpaka alasiri. Mmoja alikuwa na mimba kubwa. Akaanguka, wenzake wakamkanyaga, hakuinuka tena.

Dokta akanipigia simu nije kesho yake. Nikapanda basi la kwanza kutoka Korogwe, nikakaa kwenye mashine, nikajaza fomu kama mara ishirini. Kila cheti kikatoka safi.

Nikageuka, Dada Zaituni amesimama pembeni, nikamwambia Dokta, "User error," yaani aliyekosea ni mtumiaji. Nilisema kwa Kiingereza ili nionekane mtaalamu. Na ili Zaituni asielewe, nisiwadanganye.

Alielewa. Akaniuliza, "Kaka, una uhakika?"

"Asilimia mia," nikamjibu.

Dokta hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa ameaibika kwa wafugaji waliomwamini. Akamwambia Zaituni aende nyumbani. Alichukua kanga yake iliyokuwa kwenye mgongo wa kiti, akaikunja taratibu, akatuaga wote kwa adabu, na mimi akaniaga. Hiyo ndiyo iliniuma, lakini niliimeza.

Akaletwa karani mpya kutoka Tanga mjini, mama mmoja mkali. Kwake ni mmoja mmoja, uwe mzee uwe mtoto, kaa benchi. Wiki zikapita, hakuna cheti hata kimoja kilichokosewa.

Mnaona wenyewe? Ushahidi umekamilika. Nikajipongeza.

Siku moja nimeleta wino wa printa, bado niko kwa karani, Mama Naserian akaja kwa ajili ya cheti kingine. Nikamwamkia, akaitikia. Wakati anahudumiwa, akaingia mzee na fimbo yake, akasimama mlangoni. Karani hakuinua macho, akaonyesha benchi kwa kalamu. Mama Naserian akainuka kwenye kiti chake.

"Mzee akae hapa," alisema. "Mimi nitangoja."

"Mama, fomu yako iko katikati, kaa," karani akamjibu.

Mama akakaa, lakini hakupendezwa. Akanigeukia mimi. "Yule binti yuko wapi? Yule wa kwanza."

Nikamwambia aliondoka kwa sababu ya kosa la cheti chake. Nilitegemea atafurahi. Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemwangusha yule ng'ombe.

"Yule hakukosa kitu," alisema. "Siku ile aliingia mzee wa mbuzi, mimi niko katikati. Binti akaniomba, mama nimpishe mzee kidogo? Nikasema mpishe. Mzee akamaliza yake, binti akarudi kwangu. Binti ana heshima. Ninyi mmemfukuza mtu mwenye heshima."

Wakuu, nilisimama pale na wino mkononi.

Mzee wa mbuzi. Watu wawili kwa wakati mmoja. Katika zile mara zangu ishirini, sikuwahi kujaza fomu mbili kwa pamoja, maana akilini mwangu mteja anaanza, anamaliza, anatoka. Nilitengeneza system ya Handeni kana kwamba huko hawaingii wazee.

Karani alipokwenda kula nikajaribu. Nikafungua dirisha la kwanza kwa kubonyeza alama ya browser kwenye kioo, nikaanza ng'ombe. Nikarudi kwenye alama ile ile, nikafungua dirisha la pili, nikamaliza mbuzi. Nikarudi kwa ng'ombe, nikachapa.

Ng'ombe. Safi kabisa.

Nusura nifunge mashine niende zangu. Mtu mwenye kiburi akipata kisingizio anakishika kwa mikono miwili. Lakini moyo ulishachafuka. Kesho yake nikashuka Segera, nikauliza njia, nikafika Kwedizinga kwa baiskeli ya kukodi.

Nilimkuta Zaituni na mama yake wanapukuchua mahindi. "Shikamoo mama," nikasema. "Marahaba," akaitikia bila kuniangalia, akaendelea na gunzi lake. Hakuniuliza habari za nilikotoka. Kwa Wazigua mgeni asiyeulizwa habari ajue ana kesi.

Zaituni alinipa kigoda. Nikamuuliza, siku ile mzee wa mbuzi alipoingia, ulifunguaje dirisha la pili?

Hakujibu kwa mdomo. Akaweka ungo magotini, akatandaza vidole juu yake kama juu ya keyboard. Kidole kidogo cha kushoto kikaenda pembeni chini. Cha shahada cha kulia kikagusa katikati.

"Hivi na hivi," alisema. "Kozini walitufundisha mikono isihangaike na mouse."

Ctrl na N, njia ya mkato ya kufungua dirisha jipya.

Wakongwe mnakumbuka browser ya enzi zile. Ukifungua dirisha jipya kwenye alama, server inaliona ni mtu mwingine, inalipa kapu lake. Ukilifungua kwa Ctrl na N, linazaliwa na lile la kwanza, kapu ni lile lile.

Kwa hiyo mbuzi wa mzee waliingia kwenye kapu juu ya ng'ombe wa Mama Naserian. Zaituni akarudi kwenye dirisha la mama, kioo bado kinamwonyesha ng'ombe, akajaza safari, akabonyeza Chapa. Server ikachota kilichomo kapuni. Karatasi ikatokea chumbani kwa Dokta, akagonga muhuri, akasaini, akakunja, akampa dereva. Aliyeandika aliona ng'ombe kwa macho yake. Angejuaje?

Nilimweleza yote kwa kunong'ona. Akaushusha ungo.

"Kwa hiyo nilikosea pale nilipompisha mzee?"

"Hapana dada. Pale nilikosea mimi."

Akaendelea kupukuchua. Halafu akasema kwa sauti ya chini, mama yake asisikie, "Kaka, hapa mtu akirudishwa nyumbani kutoka kazini ghafla, watu wanajua ameiba. Mama hajaniuliza hata siku moja. Anapika, tunakula, haulizi."

Hapo ndipo ningemgeukia yule mama nikasema. Alikuwa hatua tatu tu. Sikuweza. Nikajidanganya kwamba utaratibu ni kuanza kwa Dokta, nikapanda baiskeli yangu.

Kwa Dokta nilisema. Nilisema huku nikijua ndiye mteja wangu mkubwa, na kwamba habari za kosa langu zitafika Korogwe kabla yangu. Nikafungua madirisha mawili mbele yake, kwa vile vidole viwili, nikamchapia cheti cha mbuzi kutoka kwenye fomu ya ng'ombe.

Alikiangalia kile cheti. Akafungua faili, akatoa nakala ya kile cha Segera, akaweka kidole kwenye saini yake mwenyewe.

"Na mimi nilisaini bila kusoma," alisema. "Tulikuwa wawili, tukamtoa yeye."

Mama Naserian alipelekewa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, kutoka zizi la Dokta. Karani mkali akahamishiwa tawi jipya ambalo Dokta alifungua Korogwe, na huko alipendwa, kila mtu na mahali pake. Mimi nilirekebisha system bila kudai chochote. Kila fomu ikifunguliwa inapewa namba yake. Namba inasafiri imefichwa ndani ya kurasa zake, na kapuni kila fomu inakaa chini ya namba yake, haigusani na jirani. Na kabla ya kuchapa, kioo kinakuonyesha kile hasa kitakachochapwa. Kazi ya siku mbili, wakuu. Siku mbili tu, ningeifanya mwanzoni.

Siku Zaituni aliporudi nilikuwepo. Saa nne hivi yuko katikati na mteja, akaingia mzee. Akainuka, "Shikamoo babu, karibu." Akanitazama, akabonyeza vile vidole viwili polepole, makusudi, nione. Vyeti viwili vikatoka, kila kimoja na mwenyewe. Dokta akavisoma vyote viwili hadi mwisho ndipo akasaini.

Nikamwambia, "Dada, tumemaliza."

"Bado kwa mama," akanijibu.

Jumapili nikarudi Kwedizinga. Yule mama alikuwa palepale uani, safari hii anapeta. Nikakaa chini, si kwenye kigoda.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kusema kwamba Zaituni hakuiba na hakukosea. Kosa la kazini lilikuwa langu, nikamtupia yeye."

Aliweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni.

"Marahaba," alisema. "Mwanangu namjua, nimemzaa mimi. Nilikuwa nangoja mwenye kosa afike. Juzi ulikuja, ukaondoka nalo."

Halafu akamwita Zaituni aniletee maji ya kunawa, na ndipo akaniuliza habari za Korogwe.

Mdau uliyeuliza jana, jibu langu ni hili. Session itumie, haina ubaya, ila usiweke humo fomu kwa jina moja ukidhani mtu anafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kabla hujaandika code nenda ukakae kwenye benchi la ofisi yao siku nzima, uone nani anampisha nani. Na yule anayetumia system yako akikuuliza kama una uhakika, usimjibu asilimia mia. Kaa pembeni yake uangalie vidole vyake.

Wenye mbinu bora kuliko ile namba yangu mwageni hapa, najua framework za sasa zimesonga mbele. Na kama kuna mwenzangu humu aliyewahi kumtupia karani kosa lake mwenyewe, si lazima utueleze sisi. Nauli ya kwenda kwa mama yake huwa si kubwa.