Nguzo ya Baba Chini ya Maji

Watu wa Bunia wakifika kwenye meza yangu sokoni huuliza kwanza kama samaki ni wa Kasenyi. Nikisema ndiyo, wanafunua matamvua, wanabonyeza tumbo, wananusa, kisha wanakunja uso ili nipunguze bei. Hakuna anayeniuliza nilizaliwa wapi, na afadhali wasiniulize, maana nina mdomo mbaya na ningewajibu.

Nilizaliwa Kasenyi, ukingoni mwa Ziwa Albert, hatua chache kutoka mahali maji yalipoishia zamani. Baba alikuwa mwashi. Nyumba nyingi za matofali kule zilipita mikononi mwake, na ya kwetu aliijenga peke yake, kuanzia msingi mpaka bati la mwisho. Mama alifia humo. Siye watoto tulikuwa wawili tu. Yaya, yaani dada yangu mkubwa, aliolewa mbali, upande wa Mahagi. Mimi nilibaki na baba, nauza samaki.

Halafu maji yakapanda. Hayakuja kwa siku moja, kama wanavyodhani watu wa mjini. Yalikuja kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Yalichukua choo, yakachukua jiko, na asubuhi moja nikashuka kitandani nikakanyaga maji. Nilikaa pale nikalitukana ziwa kwa maneno ambayo sitayaandika. Baba hakukasirika hata kidogo.

"Weye unalia nini?" aliniambia. "Maji inakuja, maji inaenda. Baba yangu aliona, na mimi niliona. Itarudia fasi yake."

Kule kwetu mtu akifukuzwa na maji ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuivua nyumba: mabati, milango, madirisha, mpaka matofali yenyewe. Ya pili ni kuacha alama. Kiwanja, parsele tunavyosema siye, ukikiacha kitupu, siku maji yakishuka utakuta mwingine amejenga na ana karatasi mkononi. Huku Ituri watu wameuana kwa ajili ya mipaka, si jambo la kuchezea. Kwa hiyo kila mwenye kiwanja alisimamisha nguzo kwenye pembe yake kabla ya kuondoka. Wengine waliweka mti, wengine chuma cha gari bovu. Ndivyo ilivyofanyika, na hakuna aliyefikiri kwamba kuna ubaya wowote. Mimi pia sikufikiri.

Baba hakuweza kuweka mti, angeona aibu. Alitafuta bomba refu la chuma, akachagua pembe iliyoelekea ziwani, ambako maji yalikuwa yameshafika magotini. Akazamisha pale pipa lisilo na kitako, tukakumba maji yaliyokuwa ndani yake, akachimba, akasimamisha bomba na kulijaza zege ndani na nje. Mimi ndiye niliyelishika lisimame wima. "Kushoto. Kidogo tena. Basi, usitikisike." Nguzo ilipita kichwa changu kwa mkono mzima. Mwisho akavunja sahani ya mama, ile nyeupe yenye majani ya kijani ambayo hakuna aliyeilia tangu afe, akabandika vipande kule juu kwenye saruji mbichi.

"Sasa hakuna mutu atasema iko yake," alisema, na akaosha mwiko wake palepale ziwani.

Tukahamia Bunia. Mimi niliendelea kuteremka Kasenyi kununua samaki, na kila nikirudi baba aliuliza jambo lilelile kabla sijatua hata beseni: "Nguzo iko?" Nilimjibu iko. Mwanzoni maji yalikuwa kiunoni mwa nguzo. Baadaye yakafika shingoni, na vile vipande vya sahani vikawa vinang'aa juu ya maji, ndege wanavinyea. Kisha siku moja nikatazama nisione kitu, ziwa tupu. Nyumbani baba akauliza, nikajibu, "Iko." Na kwa kweli ilikuwapo.

Miguu ya baba ilipoanza kukataa kazi, na macho yakafuata, akataka kutukabidhi kiwanja. Alitaka yaya na mimi tuje mbele yake tuweke mkono kwenye karatasi. Nilicheka. "Baba, unatugawia nini? Samaki?" Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu nikampigia yaya simu, nikamwambia aje tu, mzee anasumbua. Yaya akauliza apite wapi. Barabara ya kutoka kwao inapita Djugu, na miezi ile wenye bunduki walikuwa wanasimamisha magari.

"Pita ku maji," nilimwambia. "Maji haina bunduki."

Maneno hayo ni yangu mimi, hakuna mwingine wa kumsingizia.

Siku aliyofika nilikuwa nimesimama ufukweni Kasenyi, kati ya beseni na magunia. Ilikuwa asubuhi, jua kali, mawimbi madogo ya kawaida. Mtumbwi wao ulikuwa mkubwa, wa mbao, wenye injini, umejaa watu na maharagwe. Nahodha alisimama nyuma kwenye injini. Alikuwa mtu tuliyemjua wote, ameleta watu pale miaka mingi. Yaya alikaa mbele kabisa, kwa sababu moshi wa mafuta ulikuwa unamtapisha tangu utoto. Aliniona. Akainua mkono, na mkononi ameshika kuku kwa miguu, ili nione kwamba hakuja mikono mitupu. Nami nikainua wangu.

Ghafla mtumbwi ukasimama. Ulikuwa unakuja, na sasa haukuwa unakuja. Watu wa nyuma wakawaangukia wa mbele, magunia yakahamia upande mmoja, na mtumbwi ukapinduka. Ulikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia mtu akiita jina la mtoto wake. Wavuvi walirukia mitumbwi yao, wakawatoa watu mmoja mmoja, wengi wazima, wengine sivyo. Yaya alijua kuogelea kunipita mimi, kwa hiyo niliendelea kutafuta kichwa chake juu ya maji. Walimkuta chini ya mtumbwi, mguu wake umebanwa kwenye tundu lililotoboka mbaoni.

Nilimfunika kwa kitenge changu. Yule kuku alifika ufukweni mwenyewe, amelowa, na mtu akaniletea akisema ni wa marehemu. Nilimpokea. Sikujua la kufanya naye, nikawa nimemkumbatia tu.

Mtumbwi ulipovutwa nchi kavu nililiona lile tundu. Lilikuwa la mviringo, kingo zake zina mikwaruzo ya saruji, na katikati ya mbao zilizochanika kulikuwa na kitu kidogo, kama ukucha wa kidole gumba. Nilikichomoa kabla mwingine hajakiona. Kilikuwa cheupe, na kina jani la kijani. Nikakifunga kwenye pindo la kitenge nilichovaa.

Nyuma yangu watu walikuwa wanampiga nahodha.

"Mulevi weye! Umeua batu!"

"Sikunywa," alikuwa anasema. "Kulikuwa kitu. Nilipiga kitu."

"Kitu gani katikati ya maji?"

Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Alinitazama, labda kwa sababu mimi peke yangu sikuwa napiga kelele. Wakamchukua wakaenda kumfungia. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya baba, kwamba nikisema nitazika wawili. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba nilihitaji mtu wa kumchukia, na niliona heri awe yule kuliko awe mzee wangu, au mimi niliyeshika lile bomba.

Tulimzika yaya Bunia. Matanga yakaja na watu, yakapita. Kila chakula kilipowekwa baba alisema, "Yule mulevi aozee kule," na mimi nikaendelea kukata ugali. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na changu kilikuwa nguoni kweli, kwenye fundo. Nilikuwa nafua kitenge kile bila kulifungua.

Siku moja mke wa nahodha akaja. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, miguu imejaa vumbi. Alipiga magoti mlangoni, akaomba msamaha kwa niaba ya mume wake, akasema hata yeye haelewi, mume wake hajawahi kuonja pombe, ila kama ndivyo ilivyokuwa, basi familia yetu imhurumie, anaumwa kule ndani. Baba hakumpa kiti. "Toka hapa," alisema. Mwanamke yule akainuka, akanishika mkono mimi kwa mikono yake miwili, akaniambia, "Pole sana, mama, kwa yaya yako." Akaondoka.

Huruma yake ndiyo iliyonimaliza. Nilifungua fundo, nikaweka kile kipande kwenye kiganja cha baba.

Hakuweza kukiona vizuri. Alikipapasa kwa kidole gumba, akakigeuza, akakipapasa tena. Kisha akauliza:

"Ilivunjika?"

"Mtumbwi?"

"Nguzo."

Mtoto wake yuko udongoni, naye anauliza kazi yake ilisimama vipi. Nilitaka kumtemea mate baba yangu mzazi, Mungu anisamehe.

"Haikuvunjika, baba. Uliijenga vizuri mno. Ni sahani tu iliyobanduka."

Akafumba macho. "Basi iko pale," alisema. "Kesho itapita mutumbwi ingine."

Kulipokucha tulipanda pikipiki, yeye katikati ya dereva na mimi, nikimshika kiunoni asianguke kwenye miteremko. Kasenyi tulikuta watu wanapakua mizigo. Baba aliomba ashushwe palepale, akasimama akiniegemea, akasema kwa sauti yake ya kuamuru mafundi:

"Yule mwanaume hakulewa. Alipiga nguzo yangu. Mimi njo niliua mutoto yangu na ile batu yote."

Nilingoja mawe. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta upande wa kumkinga. Lakini watu walitazama chini tu. Kisha mzee mmoja mwenye nyavu akasema taratibu, bila kuinua macho, "Na yangu iko, nyuma ya soko ya zamani." Mama mmoja muuza unga akasema, "Siye tuliacha tatu." Mwingine akataja ya kwake, na mwingine. Waliokuwa wamempiga nahodha walikuwamo kati yao. Kumbe kila mmoja wao alikuwa na nguzo yake chini ya maji yale, na siku ile ya ajali kila mmoja aliomba moyoni isiwe ya kwake. Sikuwa peke yangu niliyenyamaza.

Nahodha akafunguliwa baada ya siku chache. Hajashika tena injini.

Kijana mmoja alisema basi nguzo zote zing'olewe. Watu wakarudi kwenye mizigo yao. Nguzo ikitoka, kiwanja kimetoka. Ya baba haikuweza kung'oka hata kwa kupenda, kwa hiyo aliomba bidoni ya njano, yaani dumu tupu la plastiki lenye kifuniko, na kamba, ili mitumbwi ione pa kukwepa. Wavuvi wakampakia kwenye mtumbwi nami nikaingia. Nilimtajia paa la kanisa na pengo la mlima, alama alizoikumbukia pembe ile, viko upande gani, maana macho yake hayakufika, naye akawa anawaelekeza wapiga kasia: kulia, kidogo tena, basi. Mtu akazama na kamba. Alipoibuka alisema ameigusa nguzo na kamba ameifunga. Bidoni ikabaki pale juu ya maji, juu ya mahali yaya alipoinua mkono. Wengine wakasema watakuja kuweka za kwao kesho.

Habari ya karatasi haikutajwa tena nyumbani. Mimi bado nateremka Kasenyi kununua samaki, na maji bado hayajarudi mahali pake. Nikirudi jioni baba ananisikia natua beseni.

"Bidoni iko?"

"Iko, baba."

"Na ya wengine?"

Nachukua kisu, naanza kuparua magamba. Kule ziwani bidoni bado ni ileile moja.