Gari Linalogonga Luciana Akipanda

Hilari Komba aliendesha malori ya miwa kwenye mashamba ya sukari tangu ujana wake hadi nywele zikawa mvi, na kwa miaka yote hiyo bosi wake alikuwa akimwambia neno moja tu: taratibu. Kwa hiyo alipostaafu na kurudi nyumbani Kibaoni, pale Ifakara, hakununua pawatila ya kulimia kama wastaafu wenzake, wala hakuongeza shamba la mpunga. Alipanda basi kwenda Morogoro, akarudi na gari la michezo: Selika nyekundu ya zamani, ya milango miwili, iliyolala chini kama mjusi.

Mkewe, Luciana, alitoka sokoni anakouza mchele akalikuta limeegeshwa mbele ya mlango, limezungukwa na majirani.

"Baba Happy," alisema, "magunia nitayaweka wapi humu?"

"Hili si gari la magunia, Mama Happy. Hili ni gari la kwenda."

Luciana alinuna kwa siku chache. Lakini Jumapili waliposhuka nalo kanisani, wanawake wa kwaya wakageuka wote, naye akashuka taratibu kuliko ilivyohitajika. Tangu hapo hakulisema tena vibaya, mpaka lilipoanza kugonga.

Ilitokea walipokuwa wakirudi kutoka Katindiuka kuangalia mpunga. Barabara ya shambani ilikuwa imeharibiwa na mvua, na gari lilikwaruza chini mara kadhaa. Walipofika kwenye barabara nzuri, Luciana akasikia: ko-ko-ko-ko. Hilari akikanyaga mafuta, mlio unaharakisha. Akiachia, unapungua. Ulikuwa kama mtu aliyefungiwa ndani ya injini anagonga sufuria ili afunguliwe.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Injini inagonga."

Hilari aliinamisha kichwa kidogo. "Ni mawe yanarushwa na tairi."

"Tuko kwenye lami, Baba Happy. Mawe yatoke wapi?"

Hilari alikuwa amekaa jirani na injini za malori kwa miaka mingi mno, na masikio yake yalikuwa yameacha mengi huko. Nyumbani redio ilipiga kelele hadi kwa jirani. Lakini mtu akimwambia hasikii vizuri, alikasirika kama ametukanwa. Yeye alijua magari. Kama kungekuwa na mlio, angekuwa wa kwanza kuusikia.

Luciana hakukubali kunyamaza, hivyo wakaenda gereji kwa Jofrey, fundi kijana mwenye sifa nzuri mjini. Njia nzima mlio ulikuwapo. Luciana aliuhisi hata kwenye nyayo. Walipofika akafungua mlango, akashuka haraka amwite fundi kabla haujapotea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Njoo usikie hii injini."

Jofrey akafungua boneti. Hilari, aliyebaki kwenye usukani, akapiga resi. Injini ikanguruma vizuri, laini, bila neno. Akapiga tena. Hakuna kitu. Jofrey akalichukua akazunguka nalo peke yake mpaka sokoni, akarudi anafuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Mama, hili gari liko poa kabisa."

"Lilikuwa linagonga mpaka hapa mlangoni!"

"Labda lilikuwa gari lingine lililokuwa nyuma yenu."

Mafundi wengine walicheka, si kwa ubaya. Naye Hilari, badala ya kunyamaza, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Msimjali. Mke wangu ana masikio ya kusikia visivyokuwepo."

Luciana akarudi kwenye gari. Hilari akaondoka. Ko-ko-ko-ko.

"Hiyo! Hiyo hapo!"

"Mama Happy, tafadhali."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Akienda Hilari peke yake, kimya. Akipanda Luciana, linagonga. Alianza kuhisi kama gari lile linamchukia. Kila aliyesikia habari alikuwa na jibu. Jirani mmoja alisema ni petroli mbaya. Shemeji yake alisema ni tapeti za injini. Mwanakwaya mwenzake, Wilhelmina, alimshika mkono akamwomba waombe pamoja, na Luciana akamjibu kwamba Mungu hajaugua, kilichougua ni injini.

Mwishowe Hilari alichoka. "Haya," akamwambia Jofrey, "ifungue injini, uangalie kila kitu, nipate amani nyumbani kwangu." Jofrey, kwa jinsi alivyosimuliwa mlio ule, akakisia beringi za konrodi, zile za ndani kabisa ya injini, na akakisia kwa uhakika kabisa. Injini ikashushwa. Ikalala chini kwenye turubai kwa muda mrefu, imefumuliwa kama kuku wa sikukuu. Beringi zilikuwa nzima. Kila kitu kilikuwa kizima. Ikafungwa, ikarudishwa, na sasa ikawa inavuja oili, jambo ambalo haikuwahi kulifanya.

Hilari alipoona doa jeusi la oili uani, alilitazama sana.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Injini ilikuwa nzima. Tumeiharibu kwa ajili ya masikio yako."

Luciana alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini.

"Sipandi tena gari lako," alisema. "Liwe lako na kimya chake."

Akaanza kwenda sokoni kwa bajaji. Jumapili Hilari alipita barabarani ndani ya Selika, peke yake, na Luciana akapita nyuma ndani ya bajaji ya jirani, amefunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi la mumewe. Kibaoni nzima ilijua wamekosana. Wakati huohuo ubatizo wa mjukuu wao ulikuwa unakaribia, kule Lupiro ng'ambo ya mto, kwa binti yao Happyness, na hakuna aliyejua watu hawa wawili wangefikaje.

Aliyeleta suluhisho hakuwa fundi. Alikuwa Mabula, Msukuma mfuga ng'ombe, pande la mtu, ambaye alimwomba Hilari lifti mpaka Kivukoni kununua samaki. Mabula alijikunja akaingia, magoti kifuani, na gari likainama upande wake. Hawajafika mbali akauliza, "Mzee mwenzangu, hiki chombo chako kinatwanga nini?"

Safari hii hata Hilari alisikia. Ulikuwa mlio mkubwa, wa kugongana kwa chuma. Alisimamisha gari, kisha akageuza. Samaki wakasahauliwa.

Luciana alikuwa anampimia mteja mchele alipomwona mumewe anakuja mbio kati ya meza za sokoni.

"Mama Happy! Linagonga! Mabula amesikia!"

Luciana alimaliza kupima. Akafunga mfuko. Akampa mteja chenji yake. Ndipo akageuka.

"Kwa hiyo Mabula akisikia, kuna mlio. Mimi nikisikia, nina kichaa."

"Twende kwa Jofrey."

"Kufanya nini? Tukifika litanyamaza."

Lakini alikwenda, kwa miguu, kwa sababu alikuwa ameapa. Alipofika gereji alikuta ni kama mara ya kwanza: boneti juu, Mabula kando, Hilari anapiga resi, injini imetulia kama mtoto aliyeshiba. Jofrey alikuwa anakuna kichwa, na tayari alishaanza kutaja kufungua upya.

"Usiguse!" Luciana alipaza sauti, hata mafundi wa upande wa pili wakageuka. "Hakuna atakayefungua kitu tena. Mabula, njiani ulikuwa umekaa wapi?"

"Hapo, kwenye siti ya kushoto."

"Ninapokaa mimi. Na Baba Happy akiwa peke yake, hapo kuna nani?"

Mafundi wakaitazama siti ya kushoto.

"Ingia, Mabula. Boneti iacheni. Baba Happy, washa."

Mabula akajikunja akaingia. Ko-ko-ko-ko. Kila mtu alisikia.

"Shuka."

Kimya.

"Rudi."

Ko-ko-ko-ko.

"Yaya," Mabula akalalamika, akikataa kwa lugha ya kwao, "mtanivunja magoti." Lakini alibaki ndani, na Jofrey akapeleka gari juu ya shimo la gereji, akashuka na tochi. Hakukawia hata kidogo. Mpira unaoning'iniza bomba la moshi ulikuwa umekatika, bila shaka kwenye ile barabara ya Katindiuka, na bomba likalala chini kidogo. Siti ya kushoto ikipata mtu, gari linainama, bomba linagusa chuma kinachoshika tairi la nyuma. Injini ikitetemeka, bomba linagonga, na mlio unasafiri ndani ya bomba mpaka mbele, kana kwamba umezaliwa kwenye injini.

Jofrey alikata kipande cha tairi kuukuu, akakitoboa, akaning'iniza bomba. Kazi ikaisha kabla chai aliyoletewa Mabula haijapoa.

"Samahani, mama," Jofrey alisema kutoka shimoni. "Kila siku nilikuwa nasikiliza injini. Sikuangalia nani amekaa wapi."

Hilari alikuwa amesimama na funguo mkononi. "Niliyoyasema siku ile mbele ya watu," alisema, na akasema mbele ya watu walewale, "hayakuwa ya kweli. Nisamehe, Mama Happy."

"Ukapime masikio," Luciana alijibu.

"Masikio yangu yana—"

"Ukapime."

Alikwenda. Huko hospitali walimwambia lililokuwa likijulikana na kila mtu wa nyumba ile, naye akarudi nyumbani mpole, akapunguza sauti ya redio, kisha baada ya siku mbili akaipandisha tena.

Siku ya ubatizo walitoka asubuhi na Selika, galoni la oili likiwa nyuma kwa sababu ile injini iliyofunguliwa bure iliendelea kuvuja. Walivuka daraja la Kivukoni, chini mitumbwi imetawanyika majini. Mbele kidogo ilibidi wasimame kuongeza oili, na Luciana, ndani ya kitenge kipya, ndiye aliyeshika mfuniko huku akimweleza mumewe kwa kirefu mawazo yake juu ya wastaafu wanaonunua pawatila.

Walifika Lupiro wamechelewa. Happyness alitoka nje na mtoto begani, akauliza kimetokea nini. Hilari akaanza kusimulia: jinsi alivyoushuku mlio ule mapema, jinsi alivyogeuza gari pale barabarani, jinsi alivyowaambia mafundi waangalie chini. Luciana alimsikiliza mpaka simulizi ilipofika kwenye shimo la gereji. Hapo akamchukua mtoto begani kwa Happyness, akamweka mikononi mwa mumewe, naye mtoto akaangua kilio kikubwa ambacho hata Hilari alikisikia.