Nilimsindikiza mavyaa, nikapimwa mimi

Leo nimempeleka mavyaa hospitali, na aliyelala kitandani kwanza ni mimi.

Tulivuka asubuhi kutoka Faza hadi Amu. Mavyaa, mama wa mume wangu, aliacha kupata hedhi miaka mingi iliyopita, lakini mwezi huu damu imeanza tena. Majirani walimtania kwamba ujana umemrudia. Yeye hakucheka.

Nesi akamuuliza, "Bi, huwa unatoka damu baada ya kukutana na mume?"

"Mume wangu ni marehemu," akajibu.

Kisha akanigeukia, taratibu kabisa.

"Muulize huyu. Shuka zake naziona kwenye kamba."

Nikatazama sakafu. Huyu ni mavyaa, jamani. Mambo hayo hatuyataji hata kwa ishara.

Mavyaa akainuka, akajitanda mtandio wake.

"Nitakaa nje, mwanangu. Sema kweli."

Nikasema. Ni miezi sasa, damu kila nikilala na mume wangu, na uchafu wenye harufu. Nilikuwa nailaumu sindano ya kupanga uzazi.

Daktari alitupima sote. Kwangu aliona pahali kwenye mlango wa kizazi ambapo hapakumridhisha, akachukua kipande kidogo cha kupeleka maabara. Akasema huenda si saratani, ila damu ya namna hiyo haingojewi. Mavyaa naye kaandikiwa vipimo zaidi.

Sasa tuko kwenye boti, tunarudi. Amenishika mkono tangu tupande, na hajaniuliza nilimwambia nini nesi.

Wewe unayesoma na unaijua damu hiyo, umemwambia nani?