Tanzia Iliyobeba Amri

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Rongo, Meneja alinikabidhi ufunguo wa chumba cha kompyuta. "Hizi vitu zisiharibike mikononi mwako," akasema. Niliitikia kama mtu anayezijua. Baadaye nilihamishiwa Homa Bay, kwenye ushirika wa wavuvi, na huko ndiko nilikostaafu.

Vijana mnaoingia kazi hii ya kompyuta, mjueni Akinyi, karani wetu. Tovuti ya ushirika ilikuwa na ukurasa wa tanzia. Kwetu msiba haukaguliwi mlangoni: yeyote aliandika, na sote tulisoma, maana kupitwa na msiba wa jirani ni aibu. Asubuhi moja tukakuta majina ya wanachama wa tawi la Sindo yamefutwa kwenye orodha, na mfumo unaonyesha aliyefuta ni Akinyi.

"Kompyuta haidanganyangi," Mkurugenzi akasema. "Ijumaa huyu aende nyumbani."

Akinyi alinijia mezani. "Mzee, mimi sikugusa kitu. Nilisoma tu tanzia."

Nilimwamini, na roho iliniuma. Nikaichungulia tanzia yenyewe kwa ndani. Chini ya jina la marehemu, ambaye hakuna aliyemjua, mtu alikuwa amepachika amri za kompyuta. Kasoro hiyo huitwa XSS: tovuti inapokea maandishi ya mgeni, kisha kompyuta ya msomaji inayatii kana kwamba yametoka kwa mwenye tovuti. Akinyi, mwenye ruhusa ya kufuta majina, alisoma, kompyuta yake ikafuta, kwa jina lake.

Nikaipigia simu kampuni iliyotuuzia mfumo. "Fungeni tu hiyo page," Fundi Mkuu wao akasema.

"Na watu wazikane kimyakimya?"

Kumbe naye kwao ni Migori, ambako mila ya msiba ni hiyo hiyo. "Hapana, Mzee. Wacha nitengeneze."

Akatengeneza: chochote anachoandika mgeni kigeuzwe kwanza kuwa herufi za kusomwa tu, ndipo kionyeshwe. Tena hakuficha aibu ya kampuni. Aliwaandikia wateja wao wote, akaeleza kasoro na kuwapa dawa yake.

Ijumaa Mkurugenzi akaifungua tanzia ile. Sasa amri zilikuwa wazi kwenye kioo, haziwezi kitu. Akazisoma polepole hadi palipotajwa Sindo. Akainuka, akaenda mwenyewe hadi mezani kwa Akinyi. "Nyathina," yaani mwanangu, "nisamehe."

Leo kiti changu anakikalia Akinyi. Ndugu yangu alipofariki juzi, yeye ndiye wa kwanza kufika kunipa pole. Nikamuuliza kama bado huogopa kuzifungua tanzia.

"Naogopa, Mzee," akasema. "Lakini nisingesoma, ningekuja aje?"