Nilivyopelekwa Kuswaliwa Nikiwa Mzima

Jamani, hili nawasimulia lakini uso nauficha, maana mpaka leo nikikatiza mtaa wa Mlandege natazama chini kama niliyeangusha funguo.

Mimi ndiye Haji Vunjambavu. Watu wazima mtanikumbuka jukwaani na mwenzangu Machano, yeye mume mpole, mimi mke mkali (nimejifunga kanga na masharubu yangu vilevile), na ukumbi mzima hoi kwa kicheko. Halafu kila mtu akapata kichekesho chake kwenye simu, ukumbi ukabaki viti, Machano akafungua duka la vitambaa Mlandege, na mimi nikabaki kungoja kuitwa.

Nikaitwa. Binti mmoja, Zuhura, alikuwa anatengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu msanii wa jukwaani aliyesahauliwa, anajifanya amekufa ili aone nani atamlilia. Nilijua hiyo ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Siku ya kupiga picha za mazishi Zuhura akasema, "Mzee Haji, ndani ya jeneza tutatia magunia ya mchanga, wewe pumzika." Nikakataa. Msanii mzima mimi, gunia liniigizie? Nikalala, nikafunikwa, nikaambiwa nisitikisike mpaka nisikie "Kata!"

Waigizaji wakanibeba, wakaingia uchochoroni wakitamka kalima (hapo tulikosea, na tulikosea sote), kamera inatungoja mwisho wa njia. Sasa nyinyi mnaijua desturi yetu, jeneza likipita huulizi kwanza la nani, unatia bega. Muuza kahawa akatia bega, fundi cherehani akatia bega, waliotoka sokoni wakapokea, waigizaji wangu wakasukumwa nyuma, na kamera tukaipita mbio, maana maiti hacheleweshwi. Zuhura nilimsikia vizuri sana akipiga kelele, "Kata! Jamani, kata!" Ningeinuka palepale, mambo yangeishia hapo. Lakini mtu mmoja alikuwa ameuliza, "Nani huyu?"

"Haji Vunjambavu, yule mchekeshaji," akajibu mwigizaji mmoja (masikini, aliulizwa jina, akataja jina).

"Aa! Kwani yule hajafa zamani?"

Iliniuma, wallahi. Nikasema moyoni siinuki mpaka nisikie walau mmoja ananitaja kwa wema. Tukafika Mlandege, nikasikia mlango wa duka unabamizwa na sauti ninayoijua inaita, "Haji! Haji ndugu yangu! Hata kuniambia unaumwa!" Machano huyo. Akatia bega upande wa kichwani kwangu, analia kwa kwikwi, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikajiambia bado kidogo, wacha nimsikilize.

Bado kidogo hiyo ikanifikisha msikitini. Nikatuliwa, safu zikapangwa, imamu akauliza kama inavyoulizwa, "Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

Walionipokea mwishoni hawanijui, na Machano kilio kimemkaba. Nikaona sasa naswaliwa kweli, nikajibu mwenyewe, "Mwanamume, shehe."

Katika maisha yangu yote ya jukwaani sijapata kuwaondosha watu upesi namna ile. Waliobaki ni imamu, viatu vya watu, na Machano aliyeshikilia nguzo. Nikainuka na kitambaa cha jeneza kikinining'inia begani. Imamu hakunigombeza. Aliniambia tu, "Teremka," na ningeona nafuu kama angenipiga.

Nikamwendea Machano. "Mwenzangu, ilikuwa filamu tu."

Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Kwa hivyo huumwi?"

"Siumwi."

"Alhamdulillahi." Akavaa makubadhi yake taratibu. "Basi siku ukifa kweli usinitumie mtu, Haji. Mimi nshakuzika."

Filamu imetoka, ile picha ya jeneza walirudia kwa magunia ya mchanga, na watu wanacheka sana. Wengine wananisimamisha njiani wapige picha na mimi, jambo nililolitamani miaka. Nimekwenda dukani kwa Machano si mara moja. Nikitoa salamu anaitikia, kisha anachukua kipimo na kuniuliza, "Nikukatie mita ngapi?" kama mteja yeyote aliyepita njia.

Sitojilaza tena kwenye jeneza kwa hiari yangu, na wala sitouliza tena nani atanililia nikifa. Alikuwepo mmoja. Nilimmaliza machozi yake siku ile, na bado niko hai.